Hatari Haisomwi Kwenye Geji

Kikao cha wazazi kilikuwa kimefika ajenda ya mwisho, safari ya kumaliza mwaka, na watu walishaanza kutafuta funguo za magari, pale mama mmoja aliponyanyuka na simu mkononi. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wameomba kupelekwa kucheza paintball, ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki zinazorusha vidonge vya rangi. Mama yule hakuwa na neno na rangi wala michubuko. Kilichomtisha ni mtungi. "Nimeuliza," akasema, "upepo unaotiwa humo ni psi 4500. Tairi la gari langu ni 32. Ndugu wazazi, tunawashikisha watoto wetu mabomu." Ukumbi ukaguna. Baba mmoja akakumbuka kwamba kuna kiwanja kingine, cha bei nafuu, ambacho bado kinatumia gesi ya ukaa, na presha yake haifiki hata 900. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Niliinua mkono, lakini kura ilikuwa imeshapita kwa macho kabla ya kupita kwa mikono.

Nimefanya kazi miaka saba Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nikijaza mitungi ya wazamiaji. Naijua sauti ya kompresa inapoanza kuchoka, na najua mtungi unavyopata joto kiganjani ukijazwa kwa pupa. Kwa hiyo siandiki haya kumdharau mama yule. Hofu yake ni ya haki, na laiti kila mzazi angeuogopa mtungi kama yeye. Ninachopinga ni kipimo chake. Wala si chake peke yake. Nimeikuta imani hiyohiyo kwa wachezaji, kwa wenye viwanja, kwa wauzaji wa vifaa, hata kwa mafundi waliopaswa kujua zaidi: kwamba hatari ya mtungi inasomwa kwenye geji, namba ikiwa kubwa mauti yako karibu, namba ikiwa ndogo tulale. Kosa hilo si dogo. Linapeleka macho ya watu mahali ambapo mtungi ni imara kabisa, na kuyaondoa mahali ambapo umeshaua.

Tuanze na gesi yenyewe. Mtungi wa gesi ya ukaa uliozoeleka kwenye mchezo huu hubeba wakia 20, yaani gramu 567. Humo ndani gesi haikai kama gesi; imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, sawasawa na gesi ya kupikia. Kila anayepika kwa mtungi wa kilo 6 analijua jambo hili bila kwenda darasa la fizikia. Akitaka kujua gesi imebaki kiasi gani, anaunyanyua mtungi, anautikisa, au anauweka kwenye mizani. Presha iliyo juu ya kile kimiminika haijali kama mtungi umejaa au umebaki robo. Inafuata joto la siku tu. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi ni kama bar 57, psi 830 hivi, na itakaa hapo hapo mpaka tone la mwisho ligeuke gesi. Sasa chukua mtungi wa hewa wa lita 1.1, ule aliousema mama, uliojazwa mpaka psi 4500, ambazo ni bar 310. Uachie upepo wote utoke, kisha uachie na ule wa gesi ya ukaa. Kila mmoja utakumwagia lita 300 hivi. Geji zinatofautiana zaidi ya mara tano, na kilichokuwa kimefungiwa ndani ni kiasi kilekile.

Najua jibu linalokuja hapa, na nalichukua kwa uzito wake: kiasi ni kilekile lakini nguvu si ileile. Ni kweli. Hewa iliyoshindiliwa hadi bar 310 katika lita 1.1 ina nguvu kubwa zaidi ya kutoka kwa kishindo. Nimeipigia hesabu: mtungi huo ukipasuka wote kwa mara moja, nguvu inayoachiliwa inakaribia ya gari la tani moja lililoangushwa kutoka kimo cha mita saba. Silifichi hilo. Nimekaa karibu na mitungi mikubwa kuliko huo mara kumi, na sijawahi kuiita "upepo tu". Lakini swali la mzazi si kwamba mtungi ukipasuka utakuwaje. Swali ni mtungi hupatwa na nini, wapi, na kwa mkono wa nani. Simba wa mbugani ana nguvu kuliko mbwa wa jirani, lakini mtoto wako anapita mlangoni kwa nani kila asubuhi?

Utazame basi ukuta wa mtungi, maana ndiko hofu ya namba kubwa inakoelekea: watu wanaona chuma kinavimba, kinachanika. Mtungi wa alumini wa psi 3000 hujaribiwa kwa maji hadi 5000. Ule wa 4500, wenye kiini cha alumini kilichozungushiwa nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi, hujaribiwa hadi 7500, na muundo wake unatakiwa kustahimili zaidi ya mara tatu ya presha yake ya kazi kabla ya kukatika. Jaribio hufanywa kwa maji kwa sababu maji hayashindiliki, kwa hiyo mtungi ukishindwa utavuja na fundi ataishi. Fundi hupima umevimba kiasi gani chini ya mzigo, na umerudi kiasi gani mzigo ukiondoka. Usioweza kurudi umekwisha. Kwa sheria za uchukuzi za Marekani, ambako mchezo huu ulizaliwa, jaribio hurudiwa kila baada ya miaka 5 na tarehe hugongwa au hubandikwa mwilini mwa mtungi. Mingi ya ile ya kaboni hupewa miaka 15 ya kuishi, kisha hustaafishwa hata kama inang'aa.

Tena mitungi hii haikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Katika miaka ya 1970 NASA ilichukua ufundi wa kuzungusha nyuzi uliotumika kwenye makasha ya roketi, ikautumia kusaidia kutengeneza mitungi myepesi ya kupumulia kwa askari wa zimamoto, ambao walikuwa wakiishiwa nguvu kwa uzito wa chuma mgongoni. Leo zimamoto wa nchi nyingi wanaingia kwenye moto na mtungi wa bar 300 umefungwa juu ya uti wa mgongo. Mtu anayeingia kwenye nyumba inayowaka amebeba namba ileile iliyomfanya mama yule asimame. Hakuna aliyempa kwa uzembe. Amepewa kwa sababu mtungi huo una daftari, una mkaguzi, una tarehe, na una mtu anayekatazwa kuujaza siku tarehe ikipita.

Sasa nije penye kiini. Mwaka 2004 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mitungi ya paintball, baada ya vifo viwili, kimoja cha mwaka 2003 na kingine cha mwaka huohuo wa 2004. Je, ilikuwa mitungi ya psi 4500? La. Ilikuwa ya gesi ya ukaa, ile ya namba ndogo, ile ambayo kikao chetu kiliikimbilia kwa amani. Na haikupasuka. Ukuta ulibaki mzima. Kilichotokea ni kwamba mtungi ulichomoka kutoka kwenye valvu yake, ukaruka kama fataki.

Ieleweke vizuri jinsi inavyotokea, kwa sababu ni jambo ambalo mtoto wa miaka kumi anaweza kulielewa, na hakuna anayemwambia. Mtungi una viungo viwili vya hesi. Kimoja kinaifunga valvu ya shaba kwenye shingo ya mtungi. Cha pili kinaifunga valvu hiyo kwenye bunduki. Mchezaji akitaka kuutoa mtungi, anaushika mwilini na kuuzungusha. Anaamini anafungua kiungo cha pili, kile cha bunduki. Lakini mkono wake unazungusha mtungi, na mtungi hauna habari ni kiungo kipi kiachie. Kitaachia kile kilicholegea zaidi. Kama cha shingoni kimelegea, valvu inabaki imeng'ang'ania bunduki na mtungi wenyewe unafunguka pole pole. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mchezaji anaona kila kitu kinakwenda kama kawaida. Halafu hesi zinakwisha. Gesi iliyokuwa ikitoka kwa tundu la sindano inapata mlango mzima, kile kimiminika kinachemka chote kwa pamoja, na mtungi wa alumini unaondoka kwa kasi kuelekea ulikolengwa, ambako mara nyingi ni kwa aliyeushika au aliyesimama karibu.

Kwa nini shingo ilegee? Kiwandani valvu hufungwa kwa nguvu iliyopimwa na kugandishwa kwa gundi ya hesi. Lakini wachezaji hupenda kubadilisha. Mmoja anataka valvu yenye swichi ya kuwasha na kuzima, mwingine anataka kuingiza mrija unaozuia kimiminika kisifike kwenye bunduki. Wanaifungua nyumbani kwa spana ya bomba, wanairudisha kwa nguvu za mkono, gundi wanaisahau au wanaweka tepu ya mafundi bomba. Mtungi unajazwa, unapendeza, unauzwa kwa mwingine. Geji, kama ipo, inaonyesha 830 kama ilivyoonyesha jana, na kesho itaonyesha 830. Wala haina njia ya kusema shingo imelegea.

Tume ile ilishauri jambo ambalo nimelipenda kuliko mitambo yote niliyowahi kuishika: chukua rangi au rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye valvu na kushuka hadi mwilini mwa mtungi. Ukizungusha mtungi na mstari ukabaki mmoja, valvu na mtungi vinakwenda pamoja, uko salama. Mstari ukikatika, kipande cha juu kikibaki nyuma, acha hapo hapo, usiongeze hata robo ya mzunguko, peleka kwa anayejua. Chupa ya rangi ya kucha ni ya bei ya soda chache. Ninauliza kwa moyo wote: katika viwanja ambako watoto wetu wanapelekwa, ni mitungi mingapi ina mstari huo?

Shingo naijua kwa sababu iliwahi kuniita. Mwaka wangu wa pili Nungwi, kijana mwenzangu aliletewa mtungi wa zamani wa alumini abadilishe valvu. Alifungua kitasa cha valvu, hakusikia kitu, akaamini mtungi ni mtupu. Kumbe tundu lilikuwa limezibwa na chumvi na kutu. Akaukaza mtungi, akaweka spana, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote. Mimi nilikuwa hatua tano hivi, nikipaka grisi oringi za regulata. Nikasikia "sss" nyembamba, kama kitu kinachopita ndani ya makuti. Nilimpigia kelele aache na atoke. Tulikaa nje chini ya mkungu, na mtungi ukalia peke yake ndani karibu saa nzima mpaka ukanyamaza. Oringi ilikuwa imeachia kabla ya hesi kuisha. Huo ndio msaada pekee tulioupata siku ile. Yule ndugu hakurudi kazini wiki iliyofuata, na sikumlaumu.

Baadaye ndipo nikajifunza kwamba wazamiaji wa dunia nzima walikuwa na kisa chao cha shingo. Kulikuwa na mitungi ya kuzamia iliyotengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo 6351, ambayo Marekani iliacha kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadhi yake, baada ya miaka mingi ya kukaa na mzigo, ilianza kupata nyufa ndogo shingoni, ndani ya hesi, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na tochi. Presha yake ilikuwa ileile ya mitungi jirani ambayo haikuwa na tatizo. Marekani ikaagiza mitungi hiyo ikaguliwe shingo kwa kifaa cha umeme kinachonusa ufa kabla haujaonekana. Hakuna aliyepunguza namba ya geji na kudhani ametatua jambo. Walikwenda shingoni.

Kuna la joto pia, na hapa sisi watu wa ukanda huu tungepaswa kuwa wa kwanza kusema. Gesi ya ukaa ina tabia yake: ikifika nyuzi 31 za Selsiasi haiwezi tena kukaa kama kimiminika, hata uishindilie vipi, na presha yake hapo inakaribia bar 74. Nyuzi 31 kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ni mchana wa kawaida. Gari lililofungwa vioo juani hupita hapo kabla dereva hajamaliza chai. Mtungi uliojazwa kwa kipimo chake una nafasi ya kupumua. Uliojazwa kupita kiasi, kwa sababu kijana wa kaunta hakuwa na mizani au hakuiamini, hauna nafasi. Joto likipanda, kimiminika kinatanuka mpaka kinaukuta ukuta, na kutoka hapo presha hupanda kama imepigwa mjeledi. Kuna diski ndogo ya shaba kwenye valvu iliyowekwa makusudi ipasuke kwanza na kuitoa gesi kwa kelele. Diski hiyo ni rafiki, ilimradi hakuna aliyeibadilisha kwa nyingine iliyo nene au kuweka mbili ili "isisumbue". Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo.

Joto hilohilo linaibadilisha hata bunduki. Viwanja hupima kasi ya vidonge na kuweka mpaka, futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Bunduki inayolishwa gesi ya ukaa iliyopimwa saa mbili asubuhi kwenye ubaridi itarusha kwa kasi zaidi saa saba jua likiwa utosini, kwa sababu presha imepanda bila mtu kugusa kitu. Mtungi wa hewa una regulata inayoshusha zile 4500 hadi kiwango kimoja, mara nyingi 800 hivi, na kukishikilia humo asubuhi na mchana. Hii ndiyo sababu kubwa wachezaji walihama kutoka gesi ya ukaa kwenda hewa katika miaka ya 1990. Hawakuhama kwa kupenda namba kubwa. Walitaka kidonge cha mwisho kiende kama cha kwanza.

Nisieleweke kwamba nauza mitungi ya hewa. Ina njia zake za kuua, na hizo nazo hazionekani kwenye geji. Kubwa ni mafuta. Injini ya dizeli ya daladala haina plagi. Inashindilia hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Sasa fikiria mchezaji aliyeona kichuchu cha kujazia kinakwaruza, akakidondoshea tone la mafuta ya cherehani. Ameitengeneza dizeli ndogo kwenye mlango wa mtungi. Fundi akifungua upepo kwa ghafla, hewa inajishindilia penye lile tone, joto linaruka, na kinachofuata ni moto ndani ya chombo chenye bar mia kadhaa. Ndiyo maana tulifundishwa kufungua pole pole, kiganja kikiwa mtungini, na kutumia grisi maalumu au kutotumia kitu kabisa. Njia ya pili ni oveni. Vijana wengine hupenda mtungi wa rangi ya dhahabu au zambarau, wanaupeleka kwa mpaka rangi ya unga anayeuoka ili rangi ishike. Alumini ya mtungi ikipita nyuzi 177 hupoteza ugumu iliopewa kiwandani, na kanuni za Marekani zinataka mtungi kama huo utupwe. Kwa nje utapendeza kuliko yote kiwanjani. Ya tatu ni mkwaruzo mrefu kwenye nyuzi za kaboni, uliofunikwa kwa stika ya timu.

Mama yule angekuwa sahihi kabisa kama angesimama na kuuliza juu ya mafuta, oveni na stika. Ningempigia makofi. Lakini swali lake lilikuwa namba, na jibu la namba likatupeleka kwenye mtungi ambao rekodi ya vifo ninayoijua inauhusu.

Wako pia wanaopuuza kutoka upande wa pili, na hao wananisumbua zaidi kwa sababu ni wengi na wana sauti. Wao husema: mchezo huu umechezwa tangu mwaka 1981, pale Henniker, New Hampshire, watu 12 walipoingia msituni na bastola za kutia alama miti na ng'ombe, tangu hapo mamilioni wamecheza, ajali za mitungi ni chache mno, tuacheni. Ni chache, sikatai. Lakini tazama kwa nini madhara ya macho nayo yalidhibitiwa. Kidonge cha rangi kina uzito wa gramu 3 hivi, nguvu yake ikitoka mdomoni mwa bunduki ni ndogo sana ukilinganisha na iliyolala mtungini, mara maelfu. Hata hivyo kwa ajili ya kidonge hicho wachezaji walijijengea adabu kali isiyo na mzaha. Kuna kiwango cha barakoa, ASTM F1776. Kuna kizibo cha mtutu. Ukivua barakoa uwanjani mchezo mzima unasimamishwa, na mtu mzima anaweza kufukuzwa mbele ya watoto wake. Adabu hiyo haikushuka na mvua. Watu walikubaliana kwamba jicho likitoka halirudi. Kwa mtungi, ambao ndio unaokibeba kila kitu, hakuna anayesimamisha mchezo. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaachiwa auzungushe mwenyewe nyuma ya banda la soda.

Hoja ya uchache wa ajali ina ubaya mwingine. Inahesabu zile nchi zenye mkaguzi, muhuri na fundi aliyesomea, kisha inatuletea matokeo yake kana kwamba na sisi tunavyo. Mitungi mingi inayofika kwetu imeshatumika kwingine. Inakuja makontena, na tarehe zake zinakuja nazo. Mtungi uliopita miaka mitano bila kujaribiwa si bomu, tuwe wakweli. Ni mtungi usiojulikana, na unaweza kujulikana tena kwa jaribio moja la maji. Lakini usipojaribiwa unabaki usiojulikana, hata ungejazwa bar 57 tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kile kiwanja cha bei nafuu tulichokichagua. Sikwenda kupeleleza, nilijitambulisha kwa meneja, nikamwambia mimi ni mzazi na nimewahi kujaza mitungi. Alinipokea vizuri, akaniita mzee wangu, akaniletea kiti. Nikaomba kuona mitungi. Aliitoa tisa. Mitatu ilikuwa na valvu zisizofanana na za wenzao, meno ya spana yameng'ata shaba. Tarehe ya karibuni niliyoisoma ilikuwa ya mwaka 2013. Mizani ya kujazia ilikuwapo, betri hazikuwapo. Nikatoa mfukoni rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikachora mstari kwenye kila shingo, tukasubiri ikauke tukiongea habari za mpira. Kisha nikamwomba kijana wake aifunge na kuifungua kwenye bunduki mmoja mmoja, pole pole, sisi tukitazama mstari.

Minne ya kwanza ilikwenda vizuri. Wa tano, mmoja wa ile yenye valvu za kigeni, kijana alizungusha robo, na mstari ukakatika. Kipande cha juu kilibaki kimeelekea kwetu, cha chini kikaenda na mtungi. Niliushika mkono wake. Meneja akainama akautazama ule mstari kwa muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Huu tumeutumia Jumapili?" Kijana akajibu ndiyo.

Meneja ameitenga yote tisa na kuahidi kuitafutia fundi. Naamini atafanya, kwa sababu niliuona uso wake. Sijui kama kiwanja kile kingine, cha psi 4500, kina hali bora. Sijaenda. Nitakwenda Alhamisi na chupa ileile, na nitauliza kuhusu mafuta, kompresa yao inabadilishwa chujio lini, na nani anayejaza.

Jumamosi wazazi tunakutana tena. Nimempigia simu mama aliyesimama siku ile, nikamwomba aje mapema kidogo. Nitakuwa na mizani ya jikoni, mtungi mmoja mtupu wenye mstari mwekundu uliokatika, na nimemwomba mwalimu anipe dakika kumi kabla ya ajenda ya mwisho, watu hawajaanza kutafuta funguo.